Laptopu ya inchi 14 au 15.6? Pima kimo cha skrini kabla ya kuuliza inchi

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Ninatumia laptopu ya zamani ya inchi 15.6, na kwenye mipangilio inasoma 1366 kwa 768. Kazi yangu ni kuandika ripoti, kusoma PDF ndefu na kujaza majedwali ya Excel. Jioni natazama filamu. Nataka nyingine iliyo nyepesi kubeba, lakini kila ninayoiulizia ina namba zake: hii ni inchi 14 ya 16:10, ile inchi 13.5 ya 3:2, nyingine inchi 15.6 ya 16:9, na ipo ya inchi 14 yenye 2880 kwa 1800 ambayo inasifiwa kwamba ina nafasi kubwa kuliko zote. Naogopa nikishuka hadi inchi 14 nitabanwa. Namba hizi zina maana gani, na ipi inanifaa?

Jibu: Ukichukua inchi 14 ya 16:10 hutabanwa kwa kiasi unachokiogopa. Kutoka kwenye laptopu uliyonayo sasa, skrini hiyo inapungua kimo kwa milimita 6 tu. Kinachopungua sana ni upana, zaidi ya sentimita 4. Kwa mtu anayesoma na kuandika, kimo ndicho kinachoamua unaona mistari mingapi kabla ya kusogeza ukurasa, kwa hiyo ndicho cha kulinda. Lakini ukichukua inchi 14 ya 16:9, hapo utabanwa kweli, maana kimo kinapungua sentimita 2 nzima. Zote mbili zinauzwa kwa jina moja la "inchi 14", na ndipo wengi wanapokosea.

Inchi za skrini hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe ya chini upande mmoja hadi pembe ya juu upande wa pili, kwenye sehemu inayowaka tu bila fremu. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kipimo hicho peke yake hakikuambii upana wala kimo. Ili uvijue unahitaji uwiano wa pande. 16:9 maana yake ni kwamba ukigawa upana wa skrini katika sehemu 16 zilizo sawa, kimo chake kitaingia sehemu 9 za ukubwa huohuo. Katika 16:10, kwa upana uleule, kimo kinapata sehemu moja zaidi. 3:2 imekaribia zaidi umbo la karatasi. Na kumbuka hili: kwa mshazari uleule, skrini iliyonyooka zaidi kwa upana ina eneo dogo kuliko iliyokaribia mraba.

Hesabu yake ni ya kuzidisha tu. Kwa 16:9, zidisha inchi kwa 0.872 upate upana na kwa 0.490 upate kimo. Kwa 16:10 ni 0.848 na 0.530. Kwa 3:2 ni 0.832 na 0.555. Kisha zidisha kwa 2.54 upate sentimita. Tukizipitisha laptopu ulizotaja kwenye hesabu hiyo tunapata hivi:

Inchi 15.6 ya 16:9: upana sm 34.5, kimo sm 19.4.
Inchi 14 ya 16:9: upana sm 31.0, kimo sm 17.4.
Inchi 14 ya 16:10: upana sm 30.2, kimo sm 18.8.
Inchi 13.5 ya 3:2: upana sm 28.5, kimo sm 19.0.

Tazama mstari wa mwisho. Skrini ya inchi 13.5 ni ndefu kwenda juu kuliko zote mbili za inchi 14, na eneo lake linalingana na la inchi 14 ya 16:9, karibu sentimita 540 za mraba kila moja. Aliyeshika inchi 14 ya 16:9 akidhani ana skrini kubwa zaidi hana hata sentimita moja ya mraba ya ziada. Amepata upana na kupoteza kimo.

Kuna ukubwa mwingine ambao hukuutaja na unastahili kujulikana, inchi 16 ya 16:10. Upana wake ni sm 34.5, uleule wa inchi 15.6 ya 16:9. Kimo chake ni sm 21.5, ambacho ni kimo cha laptopu kubwa ya inchi 17.3 ya 16:9. Kama uzito usingekuwa hoja yako, ningekuelekeza huko moja kwa moja.

Huenda unajiuliza kwa nini 16:9 ilienea ikiwa inabana kimo. Laptopu za mwanzo nyingi zilikuwa 4:3, kisha zikaja za 16:10 zenye pikseli 1280 kwa 800. Kuelekea mwaka 2010 watengenezaji walihamia 16:9, umbo lilelile la televisheni. Kibodi na padi ya kugusa, hata hivyo, zinahitaji kina fulani cha mwili wa mashine, hivyo chini ya skrini nyingi za 16:9 pakabaki ukanda mpana wa plastiki usio na kazi. Skrini za 16:10 zimejaza ukanda huo. Ndiyo sababu laptopu ya 16:10 mara nyingi haina mwili mkubwa kuliko ya 16:9 ya inchi zilezile. 3:2 ilikuja na mashine kama Chromebook Pixel ya 2013 na Surface Pro 3 ya 2014.

Sasa tuje kwenye pikseli, maana hapa ndipo sifa ya "nafasi kubwa kuliko zote" inapopotosha watu.

Pikseli ni nukta ndogo zinazounda picha. 1366 kwa 768 maana yake ni nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. Kwenye skrini yako ya inchi 15.6, kila inchi ina pikseli kama 100, na kila nukta ina ukubwa wa milimita 0.25. Mtu anayeona vizuri hutofautisha nukta hizo bila shida akiwa umbali wa kawaida wa kufanyia kazi, ndiyo maana kingo za herufi zako zinaonekana na vijipengo. Jicho zima, kwa umbali wa sentimita 50, huacha kutenganisha nukta zinapofika karibu 175 kwa inchi. Inchi 14 yenye 1920 kwa 1200 ina pikseli 162 kwa inchi, imekaribia kabisa. Inchi 13.5 yenye 2256 kwa 1504 ina 201. Ile ya 2880 kwa 1800 ina 243. Unaona kwamba baada ya hapo kila pikseli unayoongeza inaleta faida ndogo kuliko iliyotangulia.

Pikseli zikiwa ndogo hivyo, maandishi yakiachwa kwenye asilimia 100 yangekuwa madogo mno kusomeka. Kwa hiyo Windows huyakuza: asilimia 125, 150, 175, 200 na kuendelea. Ukikuza kwa asilimia 150, kila kitu kinachukua pikseli moja na nusu mahali ambapo moja ilitosha. Nafasi ya kazi inayobaki unaipata kwa kugawa pikseli zote kwa kiwango hicho. 1920 kwa 1200 ikikuzwa kwa 150 inakuwa sawa na nafasi ya 1280 kwa 800. Na 2880 kwa 1800 ikikuzwa kwa 225 inakuwa 1280 kwa 800 vilevile. Herufi zina ukubwa uleule, mistari ni ileile, jedwali ni lilelile. Tofauti ni kwamba ya pili ina kingo laini zaidi. Pikseli nyingi zinanunua ung'avu wa herufi. Nafasi inatoka kwenye sentimita za skrini, au kwenye uvumilivu wa macho yako kwa herufi ndogo.

Hilo la uvumilivu ulipime kwa dhati, maana wengi hawalihesabu hadi macho yaanze kuuma. Tuchukue ukubwa wa herufi uliouzoea kwenye mashine yako ya sasa kuwa kipimo. Ukihamia inchi 14 ya 1920 kwa 1200 na kuiweka kwenye asilimia 125, unapata nafasi ya 1536 kwa 960, kubwa kuliko uliyonayo kwa pande zote mbili, lakini kila herufi imepungua kwa takribani asilimia 22. Ukiiweka kwenye 150, herufi zinapungua asilimia 7 tu, jambo ambalo ung'avu mpya utalifidia, na nafasi yako inakuwa 1280 kwa 800. Hapo umeongeza pikseli 32 za kimo na kupoteza 86 za upana. Kwenye Excel, safu ya kawaida ina upana wa pikseli 64, kwa hiyo utakosa safu moja na kipande pembeni na kupata mstari mmoja na nusu zaidi chini, kwa kuwa mstari wa kawaida una kimo cha pikseli 20.

Laptopu ya inchi 13.5 ya 3:2, ukitaka herufi zako zibaki ukubwa uleule kabisa, itabidi uikuze hadi asilimia 200, na nafasi inabaki 1128 kwa 752. Kwa PDF na ripoti ni sawa. Kwa majedwali mapana utakuwa unasogeza pembeni mara kwa mara. Ukiridhika na herufi zilizopungua asilimia 12, iweke kwenye 175 upate 1289 kwa 859, na hapo inakuwa mashine nzuri sana ya kusomea.

Kwa nini ninashikilia kimo hivi? Kwa sababu upau na menyu vinakula kimo, na vinakula kiasi kilekile kwenye kila skrini. Ukanda wa chini wa Windows 11 unachukua pikseli 48 za nafasi ya kazi. Sehemu ya juu ya kivinjari, yenye vichupo na anwani, inachukua karibu 90. Kwenye inchi 14 ya 16:9 iliyokuzwa kwa 150, nafasi ni 1280 kwa 720. Ukiondoa hizo 138, ukurasa wenyewe unabaki na kimo cha 582. Kwenye 16:10 unabaki na 662. Namba ya skrini imepanda kwa asilimia 11, lakini ukurasa unaousoma umepanda kwa karibu 14, kwa kuwa ziada yote imeingia kwenye maandishi. Word na Excel zina utepe mnene zaidi juu, hivyo tofauti huko ni kubwa zaidi. Njia ya haraka ya kurudisha kimo kwenye laptopu yoyote ni kuufanya ukanda wa chini ujifiche na kuukunja utepe wa Word kwa kubonyeza Ctrl na F1. Hata mashine yako ya sasa itapata nafuu leo hii.

Upana una kazi zake, nisiupuuze. Anayefungua madirisha mawili bega kwa bega anauhitaji. Nafasi ya 1280 ikigawanywa inampa kila mmoja 640, na tovuti nyingi zikibanwa hivyo hujigeuza kuwa na sura ya simu. Kwa 1536 kila dirisha linapata 768, na hapo kazi inaenda. Kama unaandika ripoti huku PDF iko wazi pembeni siku nzima, basi ama ukubali asilimia 125 kwenye inchi 14, ama uende inchi 16.

Filamu zisikutishe. Video nyingi ni 16:9, kwa hiyo kwenye skrini ya 16:10 utaona mkanda mweusi juu na mwingine chini. Kwenye 1920 kwa 1200 kila mkanda una pikseli 60. Picha yenyewe kwenye inchi 14 ya 16:10 ina upana wa sm 30.2; kwenye inchi 14 ya 16:9 ingekuwa 31.0. Umepoteza milimita 8. Tena filamu nyingi za sinema zina uwiano wa karibu 2.39 kwa 1, na hizo zina mikanda hata kwenye 16:9. Kwenye 3:2 mikanda ni minene zaidi, na anayetazama filamu kila usiku anaweza kuichoka. Kosa la kuepuka ni kuikuza video ijaze skrini nzima, maana unakata pembeni mwa picha, na maandishi ya tafsiri huweza kukatwa nayo.

Jambo linalowasumbua watu wa 16:10 na 3:2 ni projekta. Projekta na skrini nyingi za mezani ni 16:9. Ukichagua kunakili skrini, mashine inatafuta kipimo ambacho pande zote mbili zinakiweza, mara nyingi 1920 kwa 1080, na skrini ya laptopu inabaki na mikanda au picha inavutwa hadi nyuso zinarefuka. Chagua kupanua skrini badala ya kunakili: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha uchague. Kila skrini itabaki na kipimo chake.

Kosa jingine linalofanana na hilo ni kuona maandishi ni madogo kisha kupunguza idadi ya pikseli kwenye mipangilio. Usifanye hivyo. Skrini ya laptopu ina idadi moja tu ya pikseli za kweli. Ukiiambia ionyeshe 1280 kwa 800 wakati ina 1920 kwa 1200, kila nukta inalazimika kutandazwa juu ya nukta moja na nusu, na herufi zinakuwa na ukungu. Acha pikseli kwenye kipimo kilichopendekezwa na ubadilishe kiwango cha kukuza. Baadhi ya programu za zamani hazijui kujikuza, nazo huonekana na ukungu hata ukiwa umefanya kila kitu sawa. Kama kazi yako inategemea programu ya namna hiyo, ijaribu kwenye mashine yenyewe kabla ya kulipa.

Kuhusu ile ya 2880 kwa 1800: ni skrini nzuri, na anayehariri picha au mwenye macho yanayochoka upesi atafurahia herufi zake. Lakini pikseli nyingi zinadai umeme zaidi, kwa kuwa, kwenye skrini zinazomulikwa kwa taa ya nyuma, mwanga huo hupenya kwa shida zaidi, na kadi ya picha inachora nukta mara mbili na robo ya zile za 1920 kwa 1200. Wewe unataka kubeba na kuandika. Saa za betri zina thamani kubwa kwako kuliko nukta ambazo kwa umbali wa sentimita 50 jicho halizitenganishi.

Kwa hiyo, kwa kazi uliyoieleza, ningechukua inchi 14 ya 16:10 yenye 1920 kwa 1200, niiweke kwenye asilimia 150, na nishuke hadi 125 pale tu jedwali linapokuwa pana. Ya inchi 13.5 ya 3:2 iwe chaguo la pili kama kusoma PDF kunazidi kazi ya majedwali. Ile ya inchi 15.6 ya 16:9 haikupi wepesi unaoutaka, na nyingi huja na vitufe vya namba upande wa kulia, ambavyo vinaisogeza sehemu ya kuandikia kushoto ya katikati ya skrini. Baadhi ya watu hawapati shida, wengine bega linawauma. Anayeingiza tarakimu siku nzima, hata hivyo, atavikosa sana kwenye inchi 14.

Ukifika mbele ya mashine, usitegemee karatasi ya sifa peke yake. Chukua namba kubwa ya pikseli uigawe kwa ndogo. Ukipata 1.78 ni 16:9, 1.6 ni 16:10, 1.5 ni 3:2. Namba ikiangukia katikati, kuna sababu. MacBook Pro ya inchi 14 ya mwaka 2021, kwa mfano, ina 3024 kwa 1964, ambayo inatoa 1.54. Pikseli 74 za juu zimezunguka kamera na hubeba menyu, na zilizobaki, 3024 kwa 1890, ni 16:10 kamili. Kisha beba rula na upime kimo cha sehemu inayowaka. Fungua ukurasa wenye maandishi mengi, kaa kwa umbali unaokaa ukiwa kazini, na ubadilishe kiwango cha kukuza hadi usome bila kuinamia mbele. Kiwango hicho ndicho utakachotumia nyumbani, na nafasi utakayoiona hapo ndiyo nafasi yako ya kweli.

Mkoba wa kubebea nao pima kwa mwili wa mashine, upana, kina na unene. Mkoba ulioandikwa inchi 15.6 unaweza kukataa laptopu ya inchi 16 ya 16:10 ambayo upana wa skrini yake ni uleule, kwa sababu mwili wake una kina zaidi na zipu haitafunga.